Picha Moja, Madume Watatu

Sogeeni jamani. Walio mlangoni waingie, mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye simu aizime, ingawa hadithi yenyewe ni ya simu. Humu hamna zimwi wala sungura. Mna ng'ombe dume, mna picha, na mna watu watatu ambao kila mmoja alitenda jambo, na hadi leo kijiji kizima kinabishana ni yupi aliyetenda kubwa kuliko wenzake. Mimi kazi yangu ni kusimulia. Kuamua nitawaachia ninyi.

Katika kijiji cha Mwandutu, huko Usukumani, aliishi mjane aliyeitwa Nyanzobe. Alikuwa mrefu, mikono yake mikubwa ya kazi, na kicheko chake kilisikika kabla hajaonekana. Mumewe alipofariki, shemeji zake walimjia wakamwambia zizi si kazi ya mwanamke, awakabidhi ng'ombe, wao wamlindie. Nyanzobe aliwasikiliza mpaka mwisho, akawakaribisha uji, kisha akasema, "Shemeji zangu, ng'ombe hamuulizi aliyeshika fimbo kama ni baba au mama. Anauliza majani yako wapi." Wakanywa uji, wakaondoka.

Ng'ombe wake hawakuwa wengi, lakini miongoni mwao alikuwamo dume mmoja aliyemwita Trekta. Mama yake Trekta alikufa siku ya kumzaa, na Nyanzobe ndiye aliyemlea kwa maziwa ya chupa, akimfunika gunia wakati wa baridi. Akakua, akawa dume wa kutisha kwa ukubwa na wa kushangaza kwa upole. Mwili wake ulikuwa wa rangi ya kutu, na kwenye bega la kushoto alikuwa na baka la damu ya mzee, kubwa kama kiganja. Wekundu hao wawili walikaribiana mno. Mpita njia asingeliona lile baka. Ni mwenye kumlea, kumwogesha na kumtoa kupe aliyelijua.

Trekta alivuta plau shambani kwa Nyanzobe, na akimaliza alikwenda kulima mashamba ya wanawake wenzake wa kikundi, wale wasio na waume wala maksai. Akina mama wale walizoea kusema kwamba mvua ikichelewa ni ya Mungu, ila Trekta akichelewa watajua wa kumlaumu.

Sasa niwajulishe wale watatu.

Wa kwanza ni Luhende, mwana mkubwa wa Nyanzobe, mchuuzi wa kamba za katani aliyezunguka minada yote ya nchi ile. Kipaji chake kilikuwa umbo na mwendo. Mtu akitokea mbali, akiwa bado kama kijiti tu kwenye upeo wa macho, Luhende alimtaja jina kwa jinsi anavyotupa miguu. Na mnyama aliyemwona mara moja tu, hakumsahau. Lakini rangi zilimshinda. Nyekundu, kahawia na kijani kwake zilikuwa kitu kimoja. Utotoni alitumwa kuchuma nyanya zilizoiva akarudi na tenga la mbichi, na mama yake hakumtuma tena.

Wa pili ni Mbuke, binti wa Nyanzobe, mwenye studio ya picha pale senta. Kipaji chake kilikuwa rangi. Alikuwa anaweza kuliona gauni asubuhi kanisani, na jioni akaenda dukani kununua uzi wake bila kubeba hata kipande cha kulinganishia, na ukawa ule ule. Lakini sura za watu hazikukaa kichwani mwake kabisa. Alimpiga picha ya pasipoti diwani, na kesho yake akamuuliza, "Karibu kaka, unaitwa nani vile?"

Wa tatu ni Mihayo, mtoto wa shemeji yake Nyanzobe. Kwa Kisukuma jina lake maana yake ni maneno, na aliyempa jina hilo alikuwa ameona mbali. Alikuwa mshereheshaji wa harusi, akikaa karibu na mnada wa Igongwa. Kipaji chake kilikuwa mdomo. Aliweza kuongea mbele ya maiti, mbele ya bwana harusi aliyekimbiwa, mbele ya umeme uliokatika, na watu wakabaki wamekaa. Kasoro yake ni kwamba, akishaanza, hata yeye mwenyewe hakujua atanyamaza lini.

Basi mwaka ule mvua za kwanza zilipodondoka, Nyanzobe aliamka akakuta ua wa zizi umekatwa na Trekta hayupo. Alipiga yowe. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakakusanyika na filimbi zao, wakafuata nyayo hadi korongoni, na huko mvua ikawa imezifuta. Wakarudi wameinamisha vichwa.

Nyanzobe akasimama mbele ya watu wote, kitenge kimefungwa kiunoni kwa nguvu. Alieleza alama za dume wake moja baada ya nyingine, pembe, chapa, mwili wa kutu na baka la damu ya mzee begani, mbele ya kamanda wa sungusungu ili asije mtu akasema amezitunga baadaye. Kisha akasema, "Atakayenirudishia Trekta, ndama wa kwanza wa Trekta atakayezaliwa zizini humu ni wake. Ndama mzima. Naapa mbele yenu, na mama zangu walio ardhini wamesikia."

Kiapo ni kiapo. Huo ndio mlango ambao mtanziko wetu uliingilia.

Wiki zikapita. Majirani wenye maksai walikwishalima, na mashamba ya akina mama wa kikundi yalikuwa bado magumu kama sakafu. Nyanzobe alilima kwa jembe la mkono, na kila alipoinua mgongo aliliona zizi na ule upande mtupu aliozoea kulala Trekta.

Siku ya mnada wa Igongwa, mbali sana ng'ambo ya mito, Luhende alikuwa ametandaza kamba zake karibu na sehemu ya wachuuzi wa ng'ombe. Pale palifungwa turubai kubwa la bluu, na chini yake walisimama ng'ombe wakingoja lori. Mmoja akahamishwa kutoka kigingi hiki kwenda kile. Hatua chache tu. Lakini Luhende alikuwa ameinua macho wakati ule, na kamba aliyokuwa akiisokota ikamponyoka.

Yule mnyama alitupa mguu wa nyuma wa kulia kama mtu anayeruka dimbwi la maji. Luhende alikuwa ameuona mwendo ule tangu mwenye nao alipokuwa ndama. Pembe zilikatwa ncha. Chapa ilikuwa imeunguzwa juu ya chapa. Lakini mguu ulikuwa ule ule.

Akampigia mama yake kwa sauti ya chini. "Mayu, nimemwona Trekta."

Nyanzobe aliangusha jembe. "Rangi yake?"

Luhende akajibu, "Mama, unanijua."

"Muulize mtu aliye karibu nawe."

Luhende akamgeukia muuza chai, akamuuliza kama mtu anayetania, "Mama, yule ng'ombe wa mwisho kule ana rangi gani?" Yule mama akatazama, akamimina chai, akasema, "Rangi ya ng'ombe." Zaidi ya hapo Luhende aliogopa kuuliza, maana mchuuzi mwenyewe, mtu mnene wa kofia ya pama, alikwishaanza kumtupia jicho. Akajifanya anapiga simu, akapiga picha, akaituma kwa mama yake na kwa watu wengine wa kijijini.

Nyanzobe akaipokea akiwa katikati ya shamba, jua limetoka baada ya mvua na linawaka hasa. Akainua simu. Akaona mnyama wa manjano yaliyopauka, kama udongo wa kichuguu. Akageuza simu huku na huku, akaikinga kwa kiganja. Bado manjano.

Kamanda wa sungusungu, mzee makini aliyeitwa Machibya, akaja na simu yake ambayo nayo ilitumiwa picha ile. Kwake dume alikuwa mweusi tii. Jirani, Mama Kwandu, akaleta ya kwake; kwake dume alikuwa wa zambarau, rangi ambayo hakuna ng'ombe aliyewahi kuzaliwa nayo.

"Picha moja, madume watatu," alisema Mama Kwandu, na hakuna aliyecheka.

Machibya akatikisa kichwa. "Mama Luhende, mimi siwezi kwenda kumshika mtu mwenye mali yake kwa picha ya namna hii. Tulishawahi kumsingizia mtu wizi, tukatozwa faini na aibu juu yake. Niambie kwa kinywa chako: huyu ni dume wako?"

Nyanzobe alitazama tena lile umbo la manjano mkononi mwake. Alitamani sana aseme ndiye. Lakini hakuwa mwanamke wa kusingizia. "Siye," akasema. Akampigia Luhende. "Mwanangu, asante. Macho yako yamemtamani Trekta kama yangu. Mwache, siye."

"Mama, ni yeye!"

"Siye, Luhende." Akakata simu, akakaa juu ya tuta, akajifunika uso.

Hapo ndipo alipofika Mbuke. Alikuwa ameiona picha studioni kwake, akafunga mlango mteja akiwa ndani bado anachana nywele, akapanda bodaboda mpaka shambani. "Mama, mmeitazama wapi picha hii?"

"Hapa hapa."

"Juani?" Mbuke alishika kiuno. "Jua lote hili linamwagika juu ya kioo, rangi itabaki wapi? Twendeni ndani."

Akawapeleka mpaka ndani ya mlango wa nyumba, mahali ambapo mwanga wa nje ulifika lakini jua halikufika. Akaziweka simu tatu juu ya kinu kilichopinduliwa, moja kando ya nyingine.

"Simu ni kama mashahidi," akasema. "Kila mmoja anaapa kwa kile alichokiona pale alipokuwa amesimama. Hii yako mama, umeiwasha kinga ya macho, ile ya kutazamia usiku. Inapaka kila kitu manjano." Akaizima. "Baba Machibya, wewe umepunguza mwanga wa kioo ili chaji idumu. Kwako hata mchana ni usiku." Akauongeza. "Na Mama Kwandu, kioo chako kilipovunjika fundi alikuwekea cha bei nafuu. Hicho kitatuletea zambarau mpaka kife. Kiweke pembeni."

Simu mbili zilizobaki sasa zilikaribia kusema neno moja. Dume alikuwa wa weusi-weusi wenye ubluu, kama wingu la mvua. Nyanzobe akasogea. Umbo lilikuwa la Trekta, hilo sasa aliliona, ila ngozi ilikuwa ya mnyama mwingine.

"Bado inadanganya," Mbuke akasema. "Tazama, hata majani chini yake ni ya bluu. Ni lile turubai. Limemwaga rangi yake juu ya kila kilicho chini. Nahitaji kitu ambacho kipo kule na hapa pia, kitu kimoja chenye rangi moja, nikilinganishe." Akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye bega la mama yake. Nyanzobe alikuwa amejitanda kanga nyeupe yenye pindo jekundu. "Mama, kipande cha pili cha doti hii kiko wapi?"

"Nilimpa kaka yako juzi afungie mzigo wa kamba."

Mbuke akapiga vigelegele, akampigia simu Luhende, akamwambia aiweke kanga ile juu ya dume kisha apige picha nyingine.

Aliyoyafanya Luhende baada ya hapo aliyasimulia mwenyewe baadaye, na muuza chai akashuhudia. Alichukua kamba yake nzuri kuliko zote, akamfuata yule mchuuzi wa kofia ya pama. "Tajiri, dume mkubwa vile kufungwa kamba iliyooza! Akikuponyoka sokoni je? Ngoja nimjaribishie hii." Mchuuzi akasita, akaitazama kamba, akaona ni imara, akamruhusu. Luhende akaingia chini ya turubai, akatupa ile kanga juu ya mgongo wa dume kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo wake, akajifanya anapima urefu wa kamba shingoni. Dume akamnusa kwapani, akashusha pumzi ndefu. Luhende akatoa simu. Mlinzi wa ng'ombe alikuwa amesimama nyuma yake na rungu, akauliza, "Picha za nini?" Luhende akajibu, "Za kamba yangu, nikawaonyeshe wateja." Akapiga, akatuma, akamwachia mchuuzi kamba bure.

Kule mlangoni Mbuke akapokea picha. Akamvua mama yake kanga begani, akaikunjua kando ya kioo, akaanza kusogeza rangi kwa kidole, taratibu, akitazama pindo la kanga lililo mkononi na pindo lililo kwenye picha. Ubluu ukapungua. Weupe wa kanga ukaanza kurudi kuwa weupe. Akazidisha kidogo, akarudisha. Wekundu wa pindo kwenye kioo ukakutana na wekundu wa pindo mkononi, hata usingejua kanga inaishia wapi na picha inaanzia wapi.

Na yule dume, chini ya kanga, akawa wa rangi ya kutu. Begani, taratibu, kama uso unaoibuka majini, likatokea baka. Damu ya mzee. Kubwa kama kiganja.

Nyanzobe aliweka kiganja chake juu ya kioo, pale kwenye baka, halafu akapiga yowe lililowatawanya kuku. "Trekta! Mwanangu Trekta!"

Mzee Machibya akavaa kofia yake. "Hilo baka ulilitaja siku ya kwanza mbele yangu," akasema. "Twende. Tafuteni gari."

Lakini simu ya Luhende ikalia. "Mama, lori limefika. Wameanza kupandisha mbuzi, wakimaliza ni ng'ombe. Msimamizi wa mnada anasema bila mwenye mali na kiongozi wa kijiji chake hawezi kumzuia mtu mwenye kibali."

Mbali kote kule, ng'ambo ya mito! Nyanzobe akamkumbuka mtoto wa shemeji yake.

"Mihayo mwanangu, uko wapi?"

"Niko nyumbani, mama mkubwa, shikamoo, napiga pasi suti ya Jumamosi, kuna harusi ya—"

"Marahaba. Kimbia mnadani. Trekta anataka kupakiwa kwenye lori. Nenda ukaongee."

"Niongee kuhusu nini, mama mkubwa?"

"Chochote. Ila usinyamaze mpaka unione."

Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia Mihayo maneno matamu kama hayo.

Nyanzobe, Mbuke na Mzee Machibya walipanda pikapu ya muuza mkaa, na njia nzima Luhende aliacha simu yake wazi ili wasikie. Kwanza walisikia ng'ombe na kelele za watu. Halafu ikaja sauti nene kwenye spika, ikisalimu kwa Kisukuma: "Mwangaluka! Mwangaluka wana Igongwa!" Na watu wakaitikia, "Mwangaluka!"

Mihayo alikuwa amekuja na suti yake na spika yake ya harusi. Alimwendea mchuuzi, akamkumbatia, akatangaza kwamba yeye ni mjumbe wa kamati ya harusi kubwa na anatafuta ng'ombe wa kununua, na si mmoja. Lori lisubiri. Mchuuzi akanusa faida, akaamuru kupakia kusimame. Mihayo akaanza na ng'ombe wa kwanza. Akamfungua mdomo, akahesabu meno kwa sauti, akaeleza meno ya ng'ombe yanavyofanana na ndoa. Akahamia wa pili, akausifu mkia wake. Akauliza wa tatu ni wa ukoo gani, na alipoambiwa haijulikani, akasema basi tumtungie, akamtungia ukoo mpaka kwa babu wa babu. Watu wakajaa. Dereva wa lori akashuka, akanunua chai, akakaa.

"Bwana," ikasikika sauti ya mchuuzi, "unanunua au unahubiri?"

"Mnunuzi asiyeongea huyo ana haraka ya kukimbia, na mwenye haraka ya kukimbia sisi tunamwitaje?"

"Mwizi!" umati ukaitikia, na kicheko kikavuma. Mchuuzi naye akalazimika kucheka.

Ndani ya pikapu Nyanzobe alicheka huku machozi yanamtoka, na kila gari lilipokwama kwenye tope alishuka akasukuma pamoja na wanaume. Walipofika mto wa mwisho sauti ya Mihayo ilikuwa imeanza kukwaruza. Walipouvuka ilikuwa imebaki ya kukoroma. Mchuuzi alikuwa ameshapoteza subira, walimsikia akifoka, "Pakieni! Huyu hana hata senti!" Kisha wakasikia kishindo, na spika ikapiga filimbi kali, na Mihayo akisema kwa kunong'ona, ila bado akisema: "Nipigeni basi, lakini kwanza niwaambie kisa kimoja…" Mlinzi wa rungu alikuwa amemsukuma, akaanguka chini na suti yake kwenye samadi, na hata pale chini hakunyamaza.

Pikapu ikaingia mnadani kwa honi. Nyanzobe akaruka kabla haijasimama.

Msimamizi wa mnada akaletwa. Mchuuzi akatoa kibali chake. Kiliandikwa dume mweusi, na kweli, pale chini ya turubai, dume alionekana mweusi. "Mimi mwenyewe nilimkagua hapa hapa," msimamizi akasema, sasa akiwa na wasiwasi. Mzee Machibya akamweleza alama zilizotajwa siku ya wizi. Mbuke akamwonyesha picha. Msimamizi akaitazama picha, akamtazama dume, akakuna shingo.

"Mtoeni nje," Nyanzobe akasema. "Jua si la mtu."

Wakamfungua. Trekta akatoka chini ya turubai, akitupa ule mguu wake wa nyuma wa kulia, akasimama juani, na wote waliokuwapo wakaiona rangi ya kutu ikiwaka mbele yao, na baka la damu ya mzee begani. Nyanzobe akamwita mara moja tu. Dume akalia mlio ulioitikisa Igongwa nzima, akaja, akaweka kichwa chake kikubwa kifuani kwa yule mama, akamsukuma hatua mbili nyuma kama alivyokuwa akifanya alipotaka chupa.

Mlinzi wa rungu alishatoweka. Mchuuzi wa kofia ya pama aliondoka na polisi, akieleza kwamba alinunua kwa watu asiowajua. Na watu wa Mwandutu waliporudi, vigelegele viliwapokea tangu korongoni. Akina mama wa kikundi walimvisha Trekta vitenge, wakaimba mpaka sauti zao zikawa kama ya Mihayo. Juma lile lile plau iliingia ardhini. Walilima shamba baada ya shamba, mvua ikanyesha kwa utaratibu, na mavuno ya mwaka ule yalijaza maghala hata wengine wakaweka mahindi chini ya vitanda.

Baada ya mavuno, zizini kwa Nyanzobe akazaliwa ndama wa kwanza wa Trekta. Jike. Mwekundu, mwenye miguu mirefu, mzima wa afya. Mmoja.

Watu wakaja kukumbushia kiapo.

Luhende akasema, "Mama, nimeacha biashara yangu, nimetoa kamba yangu bora, nimesimama na rungu mgongoni. Kama jicho langu lisingeuona ule mguu, kusingekuwa na picha ya kusafisha wala lori la kuchelewesha. Na uliponiambia siye, mimi nilikataa kusadiki."

Mbuke akasema, "Mama, kaka alimwona, sikatai. Lakini wewe mwenyewe ulikwishatamka siye, na Baba Machibya alikwishafunga shauri. Trekta alikuwa amepotea mara ya pili, mkononi mwako. Nani alimtoa kule? Mpaka leo yule mteja niliyemfungia ndani ya studio hanisalimii."

Ikawa zamu ya Mihayo, na watu wakakaa vizuri maana walijua itachukua muda. Mihayo akasema, "Mlikuwa mnajua dume ni yupi na yuko wapi. Lori lingemchukua mkijua hivyo hivyo." Akakaa. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema machache kiasi kile, na wengine wakaona kwamba hayo peke yake yalistahili ndama.

Baba yake Mihayo, yule shemeji, akasema ndama aende ukoo wa baba. Mama Kwandu akasema aende kwa Mbuke, maana ng'ombe ni mali ya wanaume siku zote, na safari hii ibadilike. Mzee Machibya akasema aliyeona kwanza ndiye wa kwanza. Mtu mmoja akapendekeza ndama auzwe wagawane, na Nyanzobe akamkata jicho. "Niliapa ndama mzima. Sikuapa nyama."

Nyanzobe akaingia zizini, akapiga goti kando ya ndama anayenyonya. Alijaribu kumtoa Luhende kwenye kisa, na Trekta akapotea. Akamtoa Mbuke, akapotea. Akamtoa Mihayo, akapotea. Nyuma yake Trekta alikuwa akicheua polepole, na nje watu walikuwa wakibishana kwa furaha ya watu walioshiba. Yule mjane akajikuta anacheka kile kicheko chake kikubwa. Shemeji zake walisema hataweza kushika zizi. Na sasa zizi limemletea shida ambayo wao hawajawahi kuipata, ya kuwa na watu wengi mno wa kuwashukuru.

Akasimama, akajifuta magoti, akamtoa ndama mpaka katikati ya uwanja. Watatu wale wakasimama mbele yake.

Hapo ndipo nami ninaposimama. Mwenye jicho lililotambua, mwenye mkono uliorudisha rangi, na mwenye mdomo uliozuia lori, wote wako mbele yenu, na ndama ni mmoja, hagawanyiki. Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, anza wewe: ungekuwa Nyanzobe, ungemkabidhi nani, na wale wawili ungewatazama usoni ukawaambia nini?